Yaliyomo Ndani ya Jarida la Kale la Katuni za Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Walt Disney's Comics and Stories

Maswali haya ni ya wasomaji wanaoshika kwa mara ya kwanza nakala ya zamani ya Walt Disney's Comics and Stories, jarida la Marekani la katuni za wanyama wa vichekesho, na wanaotaka kujua ndani yake mna nini na kwa nini mna vitu hivyo na si vingine. Majibu yanahusu zaidi matoleo yaliyotoka kati ya 1940 na 1962. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye hadithi ya bata Donald na kuacha kurasa nyingine zote. Majibu haya yameandikwa kwa imani tofauti, kwamba jarida hili linastahili kusomwa lote, kwa sababu mpangilio wake ulitokana na masharti ya posta, uhaba wa karatasi na haja za watoto waliolinunua, na mambo hayo yanaonekana hata katika kurasa zake dhaifu.

Hili ni jarida gani hasa, na lilichapishwa na nani?

Toleo la kwanza lilibeba tarehe ya Oktoba 1940, likachukua nafasi ya Mickey Mouse Magazine lililokuwa likitoka tangu 1935. Jaladani palikuwa na nembo ya Dell, kampuni iliyogharimia na kusambaza, lakini kazi ya kutafuta wachoraji, kuhariri na kupiga chapa ilikuwa ya kampuni nyingine, Western Printing and Lithographing, yenye makao yake Racine, Wisconsin, ambayo ndiyo iliyokuwa na kibali cha kutumia wahusika wa Walt Disney. Jarida lilitoka kila mwezi kwa senti 10, na bei hiyo ilidumu kwa muda wa miaka ishirini hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilipokuwa kileleni, kila toleo liliuza nakala zaidi ya milioni 3. Mwaka 1962 Dell na Western walitengana, na Western ikaendelea kulitoa kwa nembo yake ya Gold Key.

Wanyama wa vichekesho ni wanyama wa namna gani?

Ni wanyama wanaoishi kama watu: wanavaa nguo, wana nyumba, wanadaiwa kodi, wanaendesha gari na kugombana na majirani. Katika jarida hili Donald anavaa shati la baharia bila suruali, naye anaishi katika mji wa Duckburg pamoja na wapwa zake watatu, Huey, Dewey na Louie, waliotokea kwanza katika katuni ya gazetini tarehe 17 Oktoba 1937. Mickey ni panya, lakini ana mbwa anayeitwa Pluto ambaye hasemi neno hata moja, ilhali rafiki yake Goofy naye ni mbwa na anazungumza kama mtu mwingine yeyote. Wapita njia, polisi, wauza duka na mahakimu huchorwa wakiwa na sura za binadamu zilizoongezewa pua nyeusi ya mbwa. Hakuna mahali popote ambapo jarida linatoa sababu ya tofauti hizo, na msomaji mtoto hakuwa na haja ya kuelezwa. Anayesoma kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima azikubali zilivyo, kwa kuwa hadithi zenyewe zinasimama juu ya tabia za wahusika, na spishi zao ni vazi tu.

Nikifungua toleo la kawaida la mwishoni mwa miaka ya 1940, nitakutana na nini, kwa mpangilio gani?

Jalada lina mzaha wa picha moja, kwa kawaida usio na neno lolote na usiohusiana na hadithi yoyote iliyomo ndani. Donald anaweza kuwa anavua samaki huku wapwa zake wakimfanyia hila nyuma ya mgongo wake, na jalada la Desemba karibu daima lina theluji au zawadi za Krismasi. Kati ya waliochora majalada hayo alikuwamo Walt Kelly, msanii aliyepata umaarufu baadaye kwa katuni zake za wanyama wa kinamasini, na mkono wake hutambulika kwa mistari ya brashi yenye unene unaobadilikabadilika.

Upande wa ndani wa jalada mara nyingi una kichekesho cha ukurasa mmoja au tangazo la kuwashawishi wazazi walipie jarida kwa mwaka mzima. Baada yake ndipo inapoanza hadithi ya Donald ya kurasa kumi, ambayo ndiyo kiini cha toleo. Nyuma yake huja hadithi fupi za wahusika wadogo: Li'l Bad Wolf, mbwa mwitu mtoto mwenye moyo mwema ambaye baba yake anamlazimisha awe mwovu; Bucky Bug, mdudu ambaye yeye na wenzake husema kwa vina; wakati mwingine Pluto, au wale kuchakulo wawili, Chip na Dale, wanaomsumbua Donald. Katikati hupachikwa kurasa mbili za maandishi matupu zenye picha ndogo moja au mbili, na kurasa za vichekesho vilivyotoka magazetini, ambavyo fremu zake zimekatwa na kupangwa upya ili zitoshe umbo la jarida. Mwishoni huja sehemu ya hadithi ndefu ya Mickey, inayokatika pale pale msomaji anapotaka kujua kilichofuata.

Unene ulibadilika. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kurasa 64 bila kuhesabu jalada. Vita vilipoleta upungufu wa karatasi kurasa zikapunguzwa, na kufikia miaka ya 1950 nakala nyingi zilikuwa na kurasa 32 tu. Mpangilio haukubadilika sana: bata mwanzoni, panya mwishoni, na wengine katikati.

Kwa nini hadithi ya Donald huwa ya kwanza, na kwa nini kurasa kumi?

Katika miaka miwili ya kwanza jarida lilitegemea zaidi vichekesho vya Donald vilivyokwisha kuchapishwa magazetini, vilivyochorwa na Al Taliaferro. Akiba ya aina hiyo huisha, na jarida la kila mwezi lilihitaji kitu kipya. Toleo la 31, la Aprili 1943, lilileta hadithi mpya ya kurasa kumi iliyochorwa na Carl Barks, mtu aliyezaliwa Oregon mwaka 1901 na ambaye alikuwa ameacha kazi katika studio ya Disney mwaka uliotangulia. Hadithi hiyo ilimhusu Donald akipanda bustani ya mboga nyumbani, jambo ambalo Wamarekani wengi walihimizwa kulifanya wakati wa vita, na kunguru wanaokula mbegu zake zote. Barks alipewa hadithi iliyoandikwa na mtu mwingine, akairekebisha, na tangu hapo kwa sehemu kubwa alijiandikia mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kurasa kumi zilikuwa kipimo kizuri mno kwa kazi yake. Ukurasa wa kawaida una safu nne za fremu mbili mbili, yaani fremu nane, hivyo hadithi nzima ina fremu zisizofika 80. Ndani ya nafasi hiyo Barks alilazimika kuonyesha Donald akipata wazo, akilishikilia kwa kiburi, akiharibikiwa, kisha akiadhibiwa na matokeo ya alichokianzisha mwenyewe. Hakuna fremu ya kupoteza. Mtu anayetaka kujifunza kusimulia kwa ufupi hatakosa faida akihesabu ni fremu ngapi zinatumika kabla ya balaa la kwanza kutokea.

Je, mnaweza kueleza hadithi moja ya kurasa kumi kwa undani?

Iliyo bora kwa kusudi hilo ni ile ya toleo la 126, Machi 1951, inayojulikana kwa jina la A Financial Fable. Scrooge McDuck, mjomba wa Donald na bata tajiri kuliko wote, anamiliki shamba, na Donald na wapwa zake wanafanya kazi humo. Fedha zake zote amezijaza katika ghala la mahindi. Donald anachukia jembe na anatamani angekuwa na milioni moja ili asifanye kazi tena maishani. Kimbunga kinapita, kinazinyonya fedha kutoka ghalani, kinazitawanya angani, na zinanyesha juu ya nchi nzima. Ghafla kila mtu ni milionea.

Kinachofuata kimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Donald anaondoka kwenda kutalii, lakini kila anapofika hakuna wa kumhudumia, kwa sababu kila mwenye duka, kila fundi na kila mpishi naye ni milionea na ameondoka kwenda kutalii. Scrooge, ambaye msomaji angetarajia aanguke kwa huzuni, hana wasiwasi wowote. Anaendelea kulima na kufuga pamoja na wale watoto watatu. Muda si mrefu watu wanaona njaa, na mahali pekee penye chakula ni shambani kwake. Mayai na kabichi vinauzwa kwa mamilioni, watu wanalipa bila kubisha kwa kuwa noti wanazo na chakula hawana, na fedha zote zinarudi ghalani zilikotoka.

Wasomaji wamebishana kwa muda mrefu kuhusu maana yake. Wapo wanaoiona kama utetezi wa tajiri, na wapo wanaoisoma kama somo kuhusu fedha isiyo na kazi nyuma yake. Mwandishi wa majibu haya anaona kwamba nguvu ya hadithi iko katika uso wa Scrooge: katika fremu baada ya fremu, wakati wengine wote wakirukaruka kwa furaha, yeye amechorwa akiwa ameinama juu ya kazi yake, na mchoro huo unaeleza mengi kuliko maneno yaliyo katika maputo.

Wahusika wapya walitokea katika jarida hili au mahali pengine?

Wengi walitokea humu. Gladstone Gander, binamu wa Donald ambaye bahati humfuata bila jasho, aliingia katika toleo la 88, Januari 1948. Lile jeshi la watoto wenye kofia za manyoya na cheo juu ya cheo, Junior Woodchucks, lilianza katika toleo la 125. Wezi waitwao Beagle Boys wanapatikana kwanza katika toleo la 134, Novemba 1951, na mvumbuzi Gyro Gearloose katika toleo la 140, Mei 1952. Scrooge mwenyewe alizaliwa kwingine, katika Four Color, jarida lingine la Dell, namba 178 ya Desemba 1947, akiwa mzee mwenye uchungu anayewapeleka Donald na wapwa kwenye nyumba ya mlimani ili apime ushujaa wao. Alipendwa kiasi cha kupewa jarida lake mwenyewe kuanzia 1952.

Kwa nini jarida la katuni lina kurasa za maandishi matupu ambazo watoto hawakuzisoma?

Sababu ni posta. Ili jarida litumwe kwa wanaolipia kwa mwaka kwa nauli nafuu iliyowekewa majarida, kanuni za posta ya Marekani zilidai liwe na kiasi fulani cha maandishi, na wachapishaji walizoea kutoa kurasa mbili. Kwa hiyo karibu kila jarida la katuni la wakati huo lina hadithi fupi ya maandishi, mara nyingi ya mnyama mdogo anayepotea na kurudi nyumbani. Nyingi ziliandikwa haraka na hazina jina la mwandishi. Hata hivyo zinafaa kutazamwa, kwa sababu zinaonyesha jinsi wahariri walivyowafikiria wasomaji wao: sentensi zake ni rahisi, wahusika wake ni wapole, na hatari yoyote hutatuliwa kabla ya mstari wa mwisho.

Kanuni za posta zilizaa kitu bora zaidi katika jarida la Scrooge. Humo palihitajika hadithi ambayo Scrooge na Donald si wahusika wake wakuu, ili jarida lihesabike kuwa na mambo mbalimbali, na nafasi hiyo akapewa Gyro Gearloose katika hadithi za kurasa nne. Yule msaidizi wake mdogo mwenye kichwa cha balbu, anayependwa na wengi hadi leo, alitokana na hadithi hizo mwaka 1956. Sharti la karani wa posta, ambaye pengine hakuwahi kusoma katuni hata moja, lilimpa Barks kona ya kuchorea mambo ambayo hadithi ndefu zisingeyabeba.

Hadithi ya mfululizo ya Mickey inatofautianaje na ya Donald?

Katika miaka ya 1940 zilikuwa zaidi ni hadithi za gazetini za Floyd Gottfredson, zilizokatwa na kuungwa upya. Ni hadithi za safari na upelelezi, na zina mwendo wa kipekee kwa kuwa gazetini kila siku moja ilipaswa kuishia na mshtuko mdogo. Zikikusanywa ukurasani, mishtuko hiyo hufuatana kwa kasi. Tangu 1953 kazi ilikuwa mikononi mwa Paul Murry, aliyechora hadithi mpya za sehemu chache chache, ambamo Mickey na Goofy hufuatilia wezi na majasusi. Anayenunua nakala moja tu hukosa mwanzo au mwisho wake. Hilo lilikusudiwa: mfululizo ndio uliomrudisha mtoto dukani mwezi uliofuata.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya wahusika hawa na hadithi zetu za Sungura na Fisi?

Kwa Donald na Mickey hakuna. Upo kwa mhusika mmoja aliyekuwa akiingia mara kwa mara katika matoleo ya baada ya vita, naye ni Brer Rabbit, sungura mjanja anayewashinda mbweha na dubu. Hadithi zake zilisimuliwa na Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, zikaandikwa na Joel Chandler Harris katika vitabu vilivyoanza kutoka 1880, na Disney ikazitumia katika filamu ya 1946. Watumwa hao walitoka zaidi Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wala si pwani yetu, lakini jamaa ya hadithi ni moja. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki atakapomwona Brer Rabbit amenasa kwenye sanamu ya lami, atamkumbuka mara moja Sungura aliyenaswa kisimani na ulimbo uliopakwa mgongoni mwa kobe. Inasikitisha kwamba jarida halikusema lolote kuhusu mahali hadithi hizo zilikotoka. Mamilioni ya watoto walizisoma wakidhani ni za studio ya California.

Kwa nini hakuna jina la mchoraji wala mwandishi hata mmoja?

Hiyo ilikuwa desturi: jina pekee lililoruhusiwa kuonekana ni la Walt Disney. Wasomaji waliokuwa na macho makali waligundua wenyewe kwamba baadhi ya hadithi zilitoka kwa mkono mmoja uliozidi mingine, nao kwa kukosa jina wakamwita yule mchoraji mzuri wa mabata. Barua zao hazikumfikia kwa urahisi, kwa sababu Barks alifanya kazi nyumbani kwake, mbali na ofisi, akituma kurasa zake kwa posta. Ni karibu 1960 ndipo wapenzi wachache walipofanikiwa kulipata jina lake na kumwandikia. Alistaafu mwaka 1966 na kufariki tarehe 25 Agosti 2000, akiwa na umri wa miaka 99. Mkewe Garé alimsaidia kwa miaka mingi kuandika herufi za maputoni na kujaza sehemu nyeusi za michoro. Jina lake nalo halikuwekwa.

Ukitaka kujizoeza kumtambua Barks bila jina, tazama midomo ya mabata inavyopinda kwa hasira, mandhari iliyo nyuma yao, na maji. Milima, meli na magofu yake yana usahihi wa mtu aliyetazama picha halisi, na kweli aliweka karibu naye matoleo ya National Geographic aliyoyatumia kwa marejeo.

Rangi zilitengenezwaje, na kwa nini kurasa zimekuwa za manjano?

Mchoraji alichora kwa wino mweusi tu. Rangi ziliongezwa baadaye na watu wengine, kwa kutumia wino wa aina nne: nyeusi, manjano, buluu na nyekundu. Rangi nyepesi zilipatikana kwa kuchapa vidoto vidogo badala ya kuufunika ukurasa wote; ukiweka lenzi juu ya shavu la mhusika wa kibinadamu utaona vidoto vyekundu na vya manjano vimelala pamoja kwenye karatasi isiyo nyeupe sana. Mara nyingine wino hauko mahali pake, na buluu ya kofia inamwagikia ukutani. Usijaribu kuwatambua Huey, Dewey na Louie kwa rangi za kofia, kwa maana waliotia rangi hawakufuata utaratibu mmoja, na mtoto huyo huyo anaweza kubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine.

Karatasi ni ile ile ya magazeti, iliyotengenezwa kwa massa ya mbao ambayo hayakuondolewa lignini, kemikali ya asili inayoupa mti ugumu. Mwanga na hewa huifanya kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na asidi iliyomo huidhoofisha hadi inakatika kwa kukunjwa. Pini mbili zilizoshika kurasa hushika kutu penye unyevu. Nakala iwekwe mahali pakavu, pasipo na jua, ikiwa imelala au imesimamishwa kwa kuegemezwa kwenye kadibodi isiyo na asidi. Usitumie selotepu kurekebisha mchaniko, kwa kuwa gundi yake huacha doa lisilotoka.

Mbona halina ule muhuri wa kuidhinishwa unaoonekana kwenye majarida mengine ya miaka ya 1950?

Muhuri huo ulianza baada ya 1954, mwaka ambao baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu katuni na uhalifu wa vijana, na wachapishaji wengi wakaunda chombo cha kujidhibiti. Dell ilikataa kujiunga. Hoja yake ilikuwa kwamba katuni zake zilikwisha kuwa safi na kwamba hazikuhitaji kukaa chini ya mwavuli mmoja na zile zilizolalamikiwa. Badala yake ikachapisha ahadi yake yenyewe kwa wazazi.

Je, kuna mambo yanayoumiza ambayo msomaji Mwafrika ajiandae kukutana nayo?

Yapo. Katuni za Marekani za wakati ule zilichora watu weusi, Wahindi Wekundu, Wachina na watu wa visiwani kwa midomo iliyokuzwa, lugha iliyovunjwa na akili za kitoto, na mabata hawakuepuka desturi hiyo. Mfano unaotajwa zaidi ni hadithi ya Four Color namba 238 ya 1949, ambamo Donald anakwenda Afrika kwa sababu ya laana iliyokusudiwa Scrooge. Ndani yake Scrooge anaonyeshwa kuwa aliwahi kuwanyang'anya watu wa kijiji ardhi yao, na hadithi inakiri kwamba alifanya uovu, lakini michoro ya Waafrika hao ni ya dharau. Baadhi ya matoleo ya baadaye yalibadilisha sura hizo. Maoni ya mwandishi ni kwamba zisomwe kama zilivyotoka, na mtu mzima akae karibu na mtoto anayesoma, kwa kuwa sura iliyofutwa haielezi chochote kuhusu watu waliofundishwa kututazama hivyo.

Nitajuaje tarehe na namba ya nakala yangu?

Tafuta maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au upande wa ndani wa jalada. Humo mna juzuu na namba. Kila juzuu lilianza Oktoba na kuwa na matoleo 12, hivyo juzuu la 11, namba 6, ni toleo la 126: juzuu kumi zilizopita ni matoleo 120, ongeza sita. Kumbuka pia kwamba mwezi ulioandikwa jaladani hutangulia siku halisi ya kuuzwa, kwa kuwa wachapishaji walitaka jarida lisionekane limepitwa na wakati likiwa bado kwenye rafu.

Kama sina nakala ya zamani, naweza kuzisoma wapi hadithi hizi?

Kazi za Barks za mabata zinachapishwa upya tangu 2011 na kampuni ya Fantagraphics ya Marekani katika vitabu vya jalada gumu. Waswahili wanaoishi Ulaya wana bahati zaidi, kwani huko mabata hawakuwahi kutoweka: jarida la Kalle Anka linatoka Sweden tangu 1948, la Micky Maus lilianza Ujerumani 1951, na la Donald Duck linatoka kila wiki Uholanzi tangu 1952, na hadithi za Barks hurudiwa humo mara kwa mara. Vitabu vya Fantagraphics, hata hivyo, vinatoa hadithi za bata peke yake. Mbwa mwitu mtoto, mdudu wa vina, hadithi ya maandishi ya posta na tangazo la kulipia mwaka mzima havimo. Kwa anayetaka kuona hadithi ya kurasa kumi ikiwa katikati ya jamaa zake, nakala chakavu isiyo na thamani kwa wakusanyaji, yenye jalada lililochanika lakini kurasa zote zipo, ndiyo ya kutafuta, na bei yake huwa ndogo sana ikilinganishwa na ile iliyo safi.